Japani, India ama Nairobi? Kwanza uliza nani alikaza nati

Ukitaka kuanzisha kelele kwenye steji yoyote kati ya Migori na Homa Bay, usiguse siasa. Sema tu hivi: "Pikipiki za siku hizi si kama zile za kwanza, hizi zinaundwa hapa Kenya." Kisha agiza chai, keti, usikilize.

Mmoja atasema Boxer za zamani zilikuja nzima kutoka India, ndiyo maana hazikusumbua. Mwingine ataapa kwamba kitu chochote cha Uchina ni cha kutupa. Wa tatu, dereva wa Probox anayengoja abiria wa Rongo, atawacheka wote wawili. Kwake yeye, chuma ni ya Mjapani, omera, hizo zingine ni mabati.

Unaweza kudhani ni stori za kupitisha saa. Lakini piga hesabu na mimi. Tuseme umechukua pikipiki kwa mkopo na unalipa shilingi 450 kila siku. Ikikaa kwa fundi siku 4, deni limesonga mbele kwa shilingi 1,800 na wewe hujaingiza hata bob. Hapo bado hujalipa spea, bado hujala. Ikirudia mwezi ujao, wenye mkopo watakupigia simu, na simu ya tatu huwa si ya salamu. Kwa hivyo swali la "imeundwa wapi" ni swali la kazi yako na kodi ya nyumba yako.

Jibu langu nalitoa mapema: nchi iliyoandikwa kwenye kibandiko inasema kidogo sana. Kinachosema mengi ni jinsi kiwanda kinavyokagua kazi yake, soko ambalo chombo kiliundiwa, maisha kiliyoishi kabla ya kukufikia, na nani atajibu kikikuletea shida. Soma kwanza, matusi baadaye.

"Imeundwa Kenya" maana yake nini?

Watu wengi wakisikia gari imeundwa Kenya wanafikiria chuma kimeyeyushwa Nairobi, injini ikachongwa Nairobi, kila kitu Nairobi. Si hivyo. Kinachofanyika mara nyingi ni kuunganisha. Vipande vinaletwa kwenye makasha kutoka kiwanda cha nje, halafu vinafungwa pamoja hapa.

Kazi hii si ya jana. Isuzu wana kiwanda Nairobi, kile kilichojulikana kama General Motors hadi mwaka 2017. Thika kuna Kenya Vehicle Manufacturers, iliyoanza miaka ya 1970 ikiitwa Leyland Kenya, na Volkswagen Polo Vivo zilianza kuunganishwa hapo mwishoni mwa 2016. Mombasa kuna Associated Vehicle Assemblers, ambako Land Cruiser za pikapu zimeunganishwa kwa miaka mingi. Zile Land Cruiser unazoona polisi wakipanda nazo milima ya Kuria wakati wa mvua, hakuna mtu huziita mabati.

Kwa nini kampuni zijisumbue kuleta vipande badala ya gari nzima? Ushuru. Gari kuukuu inayoingia ikiwa nzima inatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35 tangu Julai 2023, lakini vipande vya kuunganishwa hapa haviguswi na ushuru huo. Mara nyingi basi, mahali gari inapofungwa huamuliwa na mhasibu, si injinia. Nchi kwenye kibandiko inaweza kukueleza zaidi habari za kodi kuliko habari za ubora.

Kwenye pikipiki mambo ni wazi zaidi. Injini kwa kawaida inakuja ikiwa imeshafungwa huko ilikotoka, na fremu inakuja ikiwa imeshachomelewa. Hapa zinawekwa taya, usukani, shokabu, nyaya za stima, cheni, breki na kiti. Yaani ule moyo wa pikipiki ni ule ule uliokuwa India au Uchina. Kilichobadilika ni mikono iliyokaza nati za mwisho.

Usidharau nati za mwisho, lakini. Kila bolti ina kipimo chake cha nguvu ya kukazwa. Ikilegea, gurudumu linaanza kucheza. Ikikazwa kupita kiasi, uzi unakatika ndani na hutajua mpaka siku uko mteremkoni na abiria nyuma. Kiwanda makini kinatumia spana ya kupima nguvu na mtu wa pili anakagua kazi ya wa kwanza. Pia kuna kiwanda kinachokaza kwa kukisia, na kukisia hakuna uraia.

Hata Wajapani wanaendesha za nje

Nissan March unaijua, kale kagari kadogo kanakopendwa na walimu. Ukinunua March ya umbo lile la mviringo lililotoka 2010 na kuendelea, muuzaji atakwambia kwa kifua kwamba ni ya kutoka Japani. Hadanganyi, imetoka Japani kweli. Lakini haikuundwa Japani. Kuanzia 2010 Nissan ilikuwa ikiunda March za soko la Japani huko Thailand na kuzisafirisha kwa meli hadi nyumbani kwao. Mitsubishi ilifanya vivyo hivyo na Mirage kuanzia 2012. Toyota ilipoirudisha Hilux kwenye soko la Japani mwaka 2017, nayo ilitoka Thailand.

Halafu kuna hii ya kuwaumiza wale wanaodharau India. Honda WR-V iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2024 inaundwa India. Suzuki nao walishawauzia Wajapani Baleno za India tangu 2016. Sasa kama Mjapani mwenyewe anaona ya India inamtosha, wewe wa Awendo unabishana kwa niaba ya nani?

Afrika pia iko kwenye orodha. Kiwanda cha Volkswagen cha Kariega, Afrika Kusini, kinapeleka Polo hadi Ulaya. Ford Ranger za Silverton, Pretoria, zinauzwa katika nchi zaidi ya 100. Mercedes C-Class zimeundwa East London, na sizungumzii London ya Uingereza, ni mji wa bandari huko huko Afrika Kusini. Mzungu anazinunua bila kuuliza kama mfanyakazi alikula ugali asubuhi.

Watu wale wale, gari tofauti

Kuna kisa kimoja ambacho kila mtu anayebishana kuhusu nchi angepaswa kukijua. Huko Fremont, California, General Motors walikuwa na kiwanda chenye sifa mbaya sana. Wafanyakazi walikosa kazini watakavyo, ugomvi na wasimamizi haukuisha, na magari yalitoka na kasoro tele. Mwaka 1982 kikafungwa.

Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kikiitwa NUMMI. Wengi walioajiriwa walikuwa wale wale waliofukuzwa. Nchi ile ile, mji ule ule, chama cha wafanyakazi kile kile. Kilichobadilika ni utaratibu. Toyota waliwapeleka baadhi yao Japani kujifunza, na mfanyakazi yeyote akapewa ruhusa ya kuvuta kamba na kusimamisha laini nzima akiona kasoro. Kabla ya hapo, kusimamisha laini lilikuwa kosa la kukufutisha kazi, kwa hivyo watu waliona kasoro wakaiacha ipite. Ndani ya miaka michache, magari ya Fremont yalikaribia ubora wa yale ya kiwanda cha Takaoka, Japani.

Kiwanda hicho hicho kilitoa Toyota Corolla na gari nyingine karibu pacha wake, iliyouzwa kwa jina la Prizm. Laini moja, mikono ile ile. Zikiwa kuukuu sokoni, yenye nembo ya Toyota ilishikilia bei yake zaidi. Watu walikuwa wakilipia jina. Ukiona mtu Migori anaongeza pesa kwa sababu ya jina tu, jua hata Marekani wameshafanya hivyo.

Na Probox je?

Najua dereva wa Probox bado ananingoja. Sawa, tuongee.

Probox kweli ni ya Japani. Inaundwa na Daihatsu, kampuni iliyo chini ya Toyota, katika kiwanda cha Kyoto. Ni gari ngumu, hilo sibishi. Lakini Desemba 2023 Daihatsu ilikiri kwamba ilikuwa imefanya udanganyifu katika majaribio ya usalama ya aina 64 za magari, mchezo ambao uchunguzi uliufuatilia hadi mwaka 1989. Ikasimamisha kupeleka magari sokoni. Probox ilikuwa kwenye orodha hiyo. Serikali ya Japani ilipoikagua upya ikairuhusu, na ikaanza kuundwa tena Februari 2024.

Sisemi Probox yako ni mbovu; ilikaguliwa ikapita. Ninasema heshima yako kwa neno "Japani" haikuzuia watu wa Japani kudanganya kwenye karatasi. Kilichofichua na kurekebisha ni ukaguzi.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna kiwanda duniani kitakusaidia nalo. Probox ni gari ya kubeba mizigo ya ofisi. Ina nafasi ya watu 5, na uwezo wake wa mzigo ni kilo 400 ukiwa na watu 2 ndani. Sasa paki watu 10 wa kilo 65 kila mmoja. Hapo ni kilo 650. Ongeza gunia la mahindi la kilo 90, ufike 740. Watu 2 na kilo 400 za mzigo ni kama 530 tu. Umeipitisha kwa zaidi ya kilo 200 kabla ya kuhesabu yule anayening'inia mlangoni. Breki zikishindwa kwenye mteremko, utalaumu Kyoto?

Mahali panapohesabika kweli

Nisieleweke vibaya. Mahali pana maana, ila si pale wengi wanapotazama.

Kwanza ni soko ambalo chombo kiliundiwa. Kampuni moja inaweza kuunda gari moja kwa namna kadhaa: shokabu za lami ya Tokyo si lazima ziwe zile za barabara ya murram. Boxer inayouzwa huku imepangwa kwa kazi za Afrika, kiti kirefu na keria ya chuma nyuma. Kwa hivyo uliza: hii iliundiwa nani?

Pili ni mahali gari ilipoishi. Uingereza na kaskazini mwa Japani, hasa Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hupanda chini ya gari na kula chuma polepole. Unaweza kuletewa gari inayong'aa juu kama kioo, ukiingia chini unakuta kutu imetafuna fremu. Kiwanda hakina hatia hapo, ni theluji ya miaka 6.

Tatu, na hii ndiyo inayoua watu, ni bodi za mabasi. Basi unalopanda Homa Bay usiku kwenda Nairobi huenda lina chasisi ya jina kubwa la nje, lakini kile chumba unachoketi ndani, paa, nguzo, viti, mara nyingi kimejengwa na mafundi wa hapa Kenya. Kipo kiwango cha ujenzi huo, KS 372, cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilitoka barabarani na kubingiria huko Fort Ternan, kaunti ya Kericho. Paa liling'oka. Zaidi ya watu 50 walikufa. Sisemi bodi ndiyo iliyolitoa basi barabarani. Lakini basi likishabingiria, ni zile nguzo za paa zinazoamua kama kutabaki nafasi ya mtu kuishi. Nembo iliyo mbele ya basi haishikilii paa. Linashikiliwa na kazi ya mchomeleaji, na mkaguzi aliyeipitisha.

Kwa hivyo unaweza kuwa umepanda nchi mbili kwa wakati mmoja na hujui. Fundi wa Kenya anaweza kujenga bodi imara kabisa. Kiwango kipo na wapo wanaokifuata. Tatizo linaanza pale ambapo hakuna anayevuta kamba.

Kabla hujatoa pesa

Mimi si injinia, hata chuo sikumaliza. Lakini mambo haya hayahitaji digrii, yanahitaji uinamishe mgongo na uulize.

Soma nambari ya chasisi. Kwenye pikipiki mpya na magari mengi ina herufi na tarakimu 17, na za mwanzo zinataja mtengenezaji. MD2 ni Bajaj wa India, MD6 ni TVS wa India. L mwanzoni ni Uchina, SB1 ni Toyota ya Uingereza, AHT ni Toyota ya Afrika Kusini. Pikipiki iliyofungwa Kenya inaweza kubaki na MD2 yake, na hakuna wizi hapo. Magari yaliyouzwa Japani yana nambari fupi, kwa mfano inayoanza na NCP160V kwa Probox mpya. Hakikisha nambari ya kwenye chuma ni ile ya kwenye karatasi, halafu utafute gari hiyo kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen.

Kwa gari ya kutoka Japani, dai karatasi ya mnada na cheti cha kusafirishia nje. Kwenye karatasi ya mnada, alama ya R au RA inamaanisha gari imewahi kupata ajali ikarekebishwa. Cheti kina kilomita zilizorekodiwa wakati wa ukaguzi. Kama cheti kinasema 140,000 na mita inasema 68,000, hiyo mita haikujirudisha yenyewe. Kumbuka pia Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Kisha lala chini uitazame tumbo, ukiwa na tochi na fundi wako, si fundi wa muuzaji.

Kwa pikipiki mpya, usiondoke dukani kabla ya kushika spana. Jaribu ekseli zote mbili, bolti za injini, za shokabu, usukani, na klipu ya cheni. Inua gurudumu la mbele ulitikise kushoto na kulia. Ukisikia mlio wa kucheza, irudishe pale pale wakiwa bado wanakutabasamia. Halafu fanya sevisi ya kwanza kwa kilomita ambazo kitabu kimesema. Wengi wanairuka kwa sababu pikipiki bado ni mpya, na hapo ndipo nati zinapotulia na mafuta ya kwanza yanapobeba vumbi la chuma.

La mwisho, uliza nani atajibu. Dhamana ni ya miezi mingapi, inafunika nini, na spea ziko Migori mjini au mpaka Kisumu? Hili limewaponza watu wenye mapenzi ya kweli na bidhaa za nyumbani. Mobius, gari iliyobuniwa kwa ajili ya barabara zetu na kuundwa Nairobi, ilipendwa na wengi. Agosti 2024 kampuni ikatangaza inavunjwa kwa sababu ya madeni, kisha ikasema imepata mnunuzi. Wazia wewe ndiye mwenye gari wiki hiyo, unatafuta kipande ambacho hakuna duka lingine linakiuza.

Na usiogope kudai. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inamfunga muuzaji. Weka risiti. Andika tarehe uliyopeleka malalamiko. Piga picha ya bolti iliyokatika kabla hujaibadilisha. Muuzaji anayejua una ushahidi huongea lugha nyingine kabisa.

Kwa hivyo kesho ukipita stejini na ukute wameanza tena, Japani kule, India huku, Uchina katikati, usichague upande. Uliza swali moja tu: "Hii yako, nani aliikagua mara ya mwisho, na lini?" Utaona jinsi kutakavyonyamaza. Kisha mmoja atainama, ashike gurudumu lake la mbele, alitikise.